Mwalimu Nani-Kasema Anaiacha Maktaba

Tarehe thelathini ya mwezi huu mkutubi wetu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Hesabu hiyo nimemuuliza mwenyewe, nikauliza na ofisini, zikalingana. Bila hivyo asingekubali iandikwe.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi kutafuta vitabu na makala za utafiti, na kujua kipi cha kuaminiwa. Nani kasema? Kajuaje? Lini? Ndipo wakamwita Mwalimu Nani-Kasema. Ukimletea karatasi uliyoiokota tu mtandaoni, anaishika kwa ncha za vidole kama nepi ya mtoto. Yeye hakumcheka asiyejua. Alimcheka mvivu, mpaka mvivu akome.

Mwaka ule maktaba ilipopakwa rangi upya, chuo kilichonga mwaka wa ufunguzi kwenye jiwe la mlangoni. Niliposikia likisomwa nikamwambia mkutubi, baba, jiwe lenu linadanganya. Mwaka huo wa jiweni kitindamimba wangu alishaanza kukimbia, na siku ya ufunguzi mimi ndiye niliyefagia vumbi la saruji humu nikiwa na mimba yake.

Hakuniamini hivi hivi. Alitaka kadi ya kliniki ya mtoto, nikamletea. Kisha akaanza kufuatilia, chai yake ikapoa. Jiwe lilichukua mwaka kutoka kijitabu cha chuo. Kijitabu kiliutoa kwenye tasnifu tatu. Tasnifu zote tatu ziliutoa kwenye karatasi moja ya mazoezi, aliyoiandika yeye mwenyewe alipokuwa mgeni kazini, kwa kukisia.

Tulijua wawili tu. Na wiki hiyo jina lake lilikuwa mezani kwa mkuu wa chuo, apewe ukuu wa maktaba. Mimi ningenyamaza, sifichi. Yeye alikwenda ofisini na karatasi yake mkononi. Jiwe likang'olewa, likachongwa jipya, ukuu akapewa mwingine.

Tangu hapo kila darasa jipya lilianza na karatasi ile, kosa limezungushiwa wino mwekundu. Chini yake aliandika alikoupata ukweli: mfagiaji wa maktaba, alikuwepo.

Baba, ahsante kwa kazi. Kapumzike. Mkeo akikuambia chakula kiko tayari, usimuulize kajuaje. Uzee wako uwe wa afya na usingizi mzuri. Jiwe jipya tuachie sisi. Kulisoma siwezi, lakini kila asubuhi nalipangusa la kwanza, kwa sababu najua halidanganyi.