Kijisanduku Kilichoukataa Mwanga

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi viatu, hatua chache kutoka geti la karakana ya mitambo ya simu. Saa saba mchana, jua likiwa utosini, kivuli cha paa la kinyozi kilitosha watu wanne; wa tano alisimama na kuvumilia. Kinyozi walimwita Profesa, kwa sababu tangu wamfahamu hajawahi kusema "sijui". Fundi viatu walimwita Soli. Wa tatu aliitwa Nyuzi, maana kazi yake karakanani ilikuwa nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazobeba maneno ya watu kwa mwanga. Muuza kahawa alikuwa ameshamimina raundi ya kwanza, na Nyuzi alikuwa anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Huyu leo ana neno, alisema Profesa. Litoe, ndugu yangu. Mficha uchi hazai.

Nyuzi akalitoa. Miaka miwili alikuwa akiunda kijisanduku kidogo kuliko kiberiti. Ndani yake mlikuwa na jicho la kunasa mwanga na kikuzi cha kuupa nguvu. Mwanga ukishasafiri kilomita themanini ndani ya uzi hufika hoi, karibu na kuzimika, na kazi ya kijisanduku ni kuudaka hivyo hivyo na kuugeuza kuwa maneno tena, bila kituo cha kuuongezea nguvu njiani. Vya zamani vilikuwa vikubwa kama tofali na bado vilikuwa viziwi. Hiki, kila hesabu ilisema kitasikia hata tone. Jana yeye na wenzake walikiwasha mezani, kikatoa makosa matupu. Wakaongeza mwanga. Makosa yakaongezeka.

— Uzi umejikunja, alisema Soli bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu. Mwanga haujui kona. Ukikuta kona unasimama, unasubiri.

— Unasubiri nini?

— Unyooshewe. Samaki mkunje angali mbichi.

Profesa alicheka kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mtoto akihesabu. Akaeleza kwamba kosa ni udogo wa sanduku. Mwanga umezoea uwanja, umezoea dunia nzima. Ukiuingiza kwenye kitu kidogo kuliko kiberiti unabanana, unasukumana, mwingine unarudi ulikotoka.

— Ndiyo maana mkiongeza unaharibika zaidi. Wageni mia, mkeka mmoja. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

— Hapo gogo linaingiaje? aliuliza muuza kahawa.

— Linaingia, wewe mimina.

Soli, asikubali kushindwa, akasema basi mwanga unapata baridi kule chini ya udongo, na uzi ungevishwa ngozi laini, ya mbuzi, ambayo yeye anayo. Profesa akasema si baridi, ni upweke: mwanga mmoja peke yake kilomita themanini, gizani, hauna wa kuzungumza naye. Mianga ipelekwe miwili miwili.

Nyuzi aliwaachia. Yeye alikuwa na jibu lake na hakuwa na shaka nalo. Ndani ya kijisanduku, jicho na kikuzi viliunganishwa kwa unyuzi wa dhahabu ambao hauonekani bila darubini, na aliyeuunga alikuwa mwanamke waliyemwita Sindano, mwenye mkono ambao kwa miaka saba haukuwahi kukosea. Jana, mbele ya wenzake wote, Nyuzi alimwambia mkono wake umeanza kutetemeka. Asubuhi hii aliandika barua ya kuomba Sindano aondolewe kwenye kazi ya darubini, akaiweka juu ya meza ya mkuu wa karakana. Mkuu angerudi saa nane.

Hilo la barua aliwaambia pia. Profesa akatikisa kichwa, akasema ni sawa, kazi ni kazi.

Ndipo akaja mama mmoja kuchukua kiatu chake, mgeni hapo kijiweni, na nyuma ya sikio alikuwa na kile kifaa cha kusaidia kusikia. Soli alipokiona tu akamkaribia na kupaza sauti hadi wapita njia wakageuka, kwamba kiatu kiko tayari, kisigino kipya.

Mama akarudi nyuma, akakunja uso.

— Taratibu, mwanangu. Hiki kimetengenezwa kwa minong'ono. Ukikipigia kelele sisikii neno, nasikia mkoromo tu. Na mkiona sijasikia, ndipo mnazidisha.

Soli akaomba radhi kwa sauti ndogo, akamwekea kiti. Mama alipokuwa anavaa kiatu, Profesa akamsimulia habari ya kijisanduku, kwa upole huo huo, pamoja na upweke wa mwanga. Mama akamgeukia Nyuzi.

— Na nyinyi hicho chenu mlikuwa mnakipigia kelele kutoka wapi, baba?

Soli akamtazama Profesa.

Nyuzi aliiona akilini meza ya jana. Taa upande huu, kijisanduku upande ule, katikati uzi wa mita mbili. Kitu kilichoundwa kisikie cha kilomita themanini, wamekipigia ukelele sikioni, na kilipozidiwa wakakiongezea. Kosa la mtoto wa darasa la kwanza. Hesabu zake alizipenda kama mwana wa pekee, na mwana wa pekee hakosei, basi akatafuta mtoto wa jirani wa kuchapa. Hakuwa amefungua kifuniko kuutazama ule unyuzi hata mara moja. Na bado alfajiri alisali, akaomba Mungu amwonyeshe mwenye kosa.

— Mita mbili, alisema.

— Ni karibu, alisema mama.

— Ni karibu sana, mama.

Akasimama. Profesa akasema hilo hata yeye alikuwa analikaribia. Kisha akamshauri: akapunguze mwanga kwanza, aone kama kinakubali, ndipo azungumze na Sindano akiwa na ushahidi mkononi.

— Kitakubali, alisema Nyuzi. Hilo sina wasiwasi nalo, kijisanduku ni kizuri. Lakini nikisubiri kikubali, nitakuwa nimemwomba radhi kwa sababu ya kijisanduku.

— Na kisipokubali?

— Hata kisipokubali, sikukifungua, Profesa. Nilimhukumu mtu kwa kitu ambacho sikukifungua.

Ilikuwa saa nane kasoro robo. Akavuka barabara, akapita geti, akaingia kwanza ofisi ya mkuu. Wa benchini walimwona kupitia dirisha akichukua barua yake mezani na kuikunja mara mbili. Kisha akaenda chumba cha darubini, ambako wale wale wa jana, Sindano akiwemo, walikuwa wanamalizia chakula, akasimama katikati yao, akawaomba waache vijiko kidogo wamsikilize.