Udhaifu wa Jotham, Mtoto wa Teresia

Nje ya duka la Vijay, Thornton Heath, kusini mwa Landani, pana benchi ambalo halmashauri ililiweka kwa ajili ya wanaosubiri basi. Sisi hatusubiri basi. Kila Jumamosi tukishapata chakula cha mchana tunalikalia mpaka kahawa iishe. Yuko Msabaha wa Pemba, tunayemwita Dereva kwa sababu ameendesha mabasi ya Landani miaka ishirini na minane. Yuko Kamande wa Nyeri, jina lake la kijiweni Friji, maana kazi yake ni kuhamisha watu nyumba na hakuna friji asilolipandisha ngazi. Yuko Vijay mwenyewe, mzaliwa wa Kisumu, anayetuletea kahawa kwa themosi. Na mimi Himid, ambaye kila karatasi ya Kiingereza hapo benchini hutupiwa mimi niisome.

Jumamosi moja ya Mei hatukuwa na habari nyingine ila ya Jotham. Huyu ni mtoto wa Teresia, yule nesi wa Kikenya. Alikwenda Marekani kusoma, akacheza mpira wao ule wa kofia ngumu, na sasa timu kubwa ilikuwa imemchagua.

— Kazi yake nini hasa? aliuliza Dereva.

— Upande wa pili kuna mtu anataka kuutupa mpira mbali, nikamwambia. Jotham anatakiwa amfikie, amwangushe kabla hajautupa. Ila mbele yake pana jitu la kilo mia na hamsini la kumzuia.

— Na refa yupo?

— Yupo.

— Anatazama tu?

— Anatazama.

— Wallahi, huo mchezo ningeuweza.

Nikatoa simu nikawasomea ripoti ya wale wapimaji wa wachezaji. Ubora wake: mikono mirefu, hatua ya kwanza ya kasi, hakati tamaa. Udhaifu wake: anasimama wima mno, akishikwa kifuani anarudishwa nyuma kama mlango, tena ana ujanja mmoja tu, kuzunguka kwa nje, na wapinzani wameshaujua. Mwisho wameandika kwamba asipojirekebisha, huenda timu ikamwacha kabla msimu haujaanza.

— Kusimama wima! Dereva akapiga goti. Hilo kosa langu miye. Mtoto huyu nilimpakia basini tangu darasa la kwanza, na kila siku anakimbilia ghorofa ya juu ya basi, kiti cha mbele. Mtu aliyekulia juu hivyo atainama vipi?

— Wacha hayo, alisema Friji. Ni malezi. Mama Jotham alikuwa akimwona amejikunja kanisani anamfinya. Kaa wima, kaa wima! Sasa Wamarekani wanateseka.

— Nyinyi hamjui kitu, akaingilia Vijay. Ni ugali. Unapanda kifuani, unakaa huko. Angekula dengu, uzito ungeshuka miguuni.

— Dengu ishuke miguuni?

— Nitazame mimi, bwana! Nani amewahi kuniangusha?

— Nani amewahi kukujaribu?

Tulikuwa tunacheka hivyo, kikombe mkononi, nilipoona kivuli kimetufunika sote wanne. Jotham alikuwa amesimama nyuma ya benchi na mfuko wa unga begani. Alikuwa amekuja kwa siku nne kumuaga mama yake, na kwa jinsi alivyotazama simu yangu, alikuwa ameyasikia yote.

— Shikamooni, maanko.

Tukaitikia kwa sauti ndogo. Jotham amezaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila akikizungumza huokota neno mojamoja.

— Ripoti ni kweli, alisema. Nikishikwa hapa, akajigusa kifua, nimekwisha. Kocha anasema inama. Nainama. Bado nasukumwa. Na mama ametangazia kanisa zima. Wakiniacha, nitamwambia nini?

Hapo mzaha ukatukauka. Dereva akampisha nafasi benchini, lakini kijana hakukaa. Friji ndiye aliyeweka kikombe chini akasimama. Ukimweka kando ya Jotham, utosi wake unafika kwapani.

— Nizuie, alisema.

— Anko, nitakuumiza.

— Nizuie kama yule jitu anavyokuzuia.

Jotham akaweka mfuko chini, akanyoosha mikono. Friji hakukimbia. Alikunja magoti, mgongo ameunyoosha, akaingia chini ya ile mikono mirefu, akaweka viganja mbavuni mwa kijana, akasukuma kwenda juu. Jotham alirudi hatua moja, mbili, tatu, mpaka akakaa juu ya kreti za vitunguu.

— Vitunguu vyangu! Vijay akapiga kelele.

— Umeona? Friji alikuwa akihema. Wewe unainamisha kichwa. Kichwa hakibebi kitu. Kunja magoti, uwe chini yake kwanza, halafu ndiyo umwinue. Friji la milango miwili ni zito kuliko mimi, lakini halijawahi kunirudisha chini.

Jotham akainuka, akajifuta maganda ya vitunguu.

— Tena, alisema.

Wakarudia. Mara ya nne Friji hakuweza tena kumsogeza. Mara ya sita, ilipokuwa zamu ya Jotham kushambulia, Friji aliruka pembeni akamwacha Dereva, aliyesimama nyuma yake kutazama, mbele ya kijana. Dereva ana kilo mia na kumi. Kijana akakunja magoti, akaingia chini, na viatu vya Dereva vikaacha lami.

— Nishushe! Nishushe, mwana wee, nina presha!

Tulicheka mpaka machozi. Jotham alimshusha taratibu, akamweka sawa koti, na uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeambiwa homa imeshuka.

Kelele zile zikamtoa Bi Indu dukani. Ni mama yake Vijay, ana miaka themanini na sita, na mambo ya kijiwe hayamhusu. Alitazama vitunguu vilivyotawanyika, akamtazama Jotham toka chini mpaka juu.

— Mnafanya nini?

— Anajifunza kazi, Mama, alisema Vijay. Marekani. Kuna mtu ana mpira, yeye anamwangusha.

— Huyo mwenye mpira amekukosea nini? Bi Indu alimuuliza Jotham.

Kijana akafikiri.

— Hakuna, Bibi. Hata simjui.

— Sasa unamkimbizia nini?

Jotham akatugeukia sisi. Dereva, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu adhuhuri, akainamia themosi kujimiminia kahawa. Friji akaanza kuokota vitunguu kwa bidii ambayo hakuna aliyemwomba. Mimi nikaipekua ile ripoti juu mpaka chini, ubora na udhaifu, hilo hawakuliandika.

Bi Indu akavuta kreti tupu, akakaa, akakunja mikono, akatusubiri.