Darasa Letu Ndani ya Ndege Isiyoruka

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Utafiti; Mkuu wa shule; watafiti; walimu wetu; na wanafunzi wenzetu mliofua mashati kwa ajili yake:

KARIBU
Tunakupokea kwa mioyo mikunjufu. Ulitarajiwa asubuhi, hivyo salamu za asubuhi zilizokuwa hapa tumezifuta, kwa kuwa sasa taa zimeshawashwa. Ujio wako umetuletea maendeleo makubwa: tangu juzi vyoo vyetu vina milango. Tunakuomba uje mara kwa mara, hata bila sababu.

HISTORIA
Mradi wa taifa wa kutafiti umeme wa ndege, unaoendeshwa kwa kodi za wazazi wetu, ulikosa jengo, ukapewa karakana yetu ya useremala. Ndege yenyewe bado iko kwenye michoro. Jenereta zake mbili, hata hivyo, zilifika, na jenereta haipimwi bila kitu cha kutumia umeme wake. Watafiti wakatazama huku na huku, wakatuona sisi. Nyaya zikavutwa, shule nzima ikawa ndege.

Tulielezwa kwamba jenereta moja ikifa angani, iliyobaki haiwezi kubeba kila kitu. Mtambo wenyewe hukata matumizi yasiyo ya lazima, ukianzia yaliyo chini kabisa kwenye orodha yake. Mkuu wetu wa shule aliombwa apange nani ni wa lazima. Kwa uadilifu wake, ofisi yake ikawa chumba cha rubani. Birika la chai la walimu likawa kifaa cha usalama. Darasa letu sisi watahiniwa likaandikwa burudani ya abiria.

MAFANIKIO
Kila jioni, muda wa kujisomea, watafiti huzima jenereta moja, na kila jioni mtambo hutukata bila kukosea. Hatujawahi kuona kazi ya serikali ikifanyika kwa wakati kiasi hicho. Birika halijapoa hata siku moja.

CHANGAMOTO
Ni moja tu, na tunaitaja kwa aibu: mtihani wa taifa ni mwezi ujao. Tulimfuata mtafiti mkuu, ambaye kwa mapenzi tunamwita Baba Nyaya.

"Shikamoo, Baba Nyaya. Hivi ndege ikipata shida, abiria wanasoma gizani?"

"Marahaba. Abiria gani anasoma? Abiria analala."

"Sisi tunasoma."

"Basi kamwambieni rubani wenu."

Tukaenda kwa rubani. Alitusikiliza kwa makini, akajimiminia chai, akatuasa tuwe wazalendo. Tumekuwa. Mwenzetu mmoja, anayetamani kuwa injinia wa ndege hizihizi, sasa hufanya hesabu zake akiwa amelala kifudifudi kwenye korido, kwa mwanga unaopenya chini ya mlango wa Mkuu. Mkuu akitoka humruka. Tunamshukuru kwa kutomkanyaga.

OMBI
Hatuombi basi wala bwalo jipya. Tunaomba tupandishwe daraja, tukae juu ya birika.

Tunajua uamuzi kama huu hautolewi kwa maneno matupu, nanyi wanasayansi mnataka majaribio. Ndiyo maana, kwa maonyesho ya leo, tulimsihi Baba Nyaya aliweke darasa letu mahali pa meza kuu kwenye orodha ya mtambo, na meza kuu mahali petu.

"Nyie watoto mtanifukuzisha kazi," alisema, huku akitafuta bisibisi.

Kwa hiyo, mheshimiwa, tukimaliza kusoma, jenereta moja itazimwa. Feni inayokupepea itapunguza mwendo, kisha itasimama. Taa iliyo juu yako itazimika, na kipaza sauti ulichoandaliwa kitanyamaza. Usihofu, si hitilafu; mtambo wenu unafanya kazi. Geuka tu dirishani, utaona upande wa pili wa uwanja darasa moja linawaka taa. Mwenzetu wa kwenye korido ameshatangulia huko na daftari lake. Tunaomba asikatizwe.

Mungu akujalie afya, hekima, na njia yenye mwanga hadi kwenye gari lako.

Ni sisi watahiniwa wa mwaka huu,
Burudani ya Abiria.

Baba Nyaya, unaweza kuzima.