Taji la Orpha Tidwell Lililokosa Kuhesabiwa

Hapana, mama, halikuhesabiwa. Wewe uliyepiga simu sasa hivi kutoka upande wa reli, nimekusikia vizuri, na wala swali lako si la kijinga. Umeuliza kama Orpha Tidwell wetu alikuwa na taji kubwa la gofu. Basi jibu ni hili: alishinda, ila taji lenyewe halikuhesabiwa kuwa kubwa. Hayo ni mambo mawili. Alishinda. Halikuhesabiwa. Nipe nafasi nieleze pole pole, maana maisha yake yote yamekaa hapo katikati.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mliofungua redio sasa hivi, tunamkumbuka Orpha Tidwell, mtoto wa hapa hapa Calder Wells. Amefariki Jumatano asubuhi nyumbani kwa mdogo wake, Zelma. Jana tumemzika. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na kilichomchukua ni mapafu. Mengi nitakayosema nimeyapata kwa Zelma mwenyewe, jikoni kwake, yeye anamenya viazi na mimi namchelewesha.

Wazee mnamkumbuka baba yao, Virgil Tidwell. Ndiye aliyekuwa akitunza kiwanja chetu cha gofu. Nakiita kiwanja kwa heshima tu. Enzi zile hapa kwetu majani yalikuwa hayaoti hata makaburini. Pale kwenye shimo, mahali ambapo wenzetu wa mjini wana majani laini kama zulia, sisi tulikuwa na mchanga. Mchanga uliomwagiwa mafuta machafu ya injini ili upepo usiuchukue wote kuupeleka jimbo la jirani, New Mexico. Kabla hujapiga mpira kwenda shimoni unavuta kipande cha bomba juu ya mchanga, unatengeneza njia, ndipo unapiga. Orpha na Zelma ndio waliovuta bomba kwa wateja wa baba yao. Jioni wanarudi miguu imekuwa myeusi mpaka magotini.

"Mama alikuwa anatusubiri mlango wa nyuma na mafuta ya taa na gunzi la hindi," Zelma aliniambia. "Anasema, nyumba hii haiingii mtu mwenye miguu ya fundi gari. Anatusugua mpaka tunalia. Dada alikuwa halii. Anaangalia pembeni tu."

Kwenye mchanga huo ndipo Orpha alipojifunza. Huku upepo ukikupulizia mchanga kwenye meno, ukiweza kuingiza mpira shimoni hapa, utaweza popote. Akawa anawashinda wanaume. Wanaume wakawa hawataki kucheza naye. Basi siku moja akafunga fimbo zake kwenye gari la mjomba wake, akaenda kutafuta wanawake wenzake waliokuwa wakicheza kwa malipo.

Sasa hapo, wasikilizaji wapendwa, msifikirie haya mnayoyaona kwenye televisheni siku hizi. Walikuwa wanawake wachache na magari yao. Wanacheza mji huu leo, kesho wanafunga mizigo, wanaendesha kwa msafara mpaka mji mwingine. Hawakuwa na bosi. Kila kitu walifanya wenyewe. Wenyewe waamuzi, wenyewe wapiga chokaa ya mipaka, wenyewe wanakwenda kwa meya kumbembeleza aje atazame. Hata mashimo, ambayo kwenye gofu huhamishwa kila siku, walichimba wenyewe, kwa zamu. Wiki hii fulani, wiki ijayo mwingine. Mwenye zamu anaamka alfajiri na chombo cha kuchimbia, anachagua pa kuweka shimo, anachimba, halafu anakwenda kunywa kahawa na kucheza na wenzake kwenye mashimo yale yale.

Hilo la mashimo mlishike. Nitalihitaji mbele.

Na kuhusu mataji makubwa, yale mashindano machache yanayopewa heshima kuliko yote. Wanaume wana yao manne, na ukimwamsha mtu usingizini atakutajia. Ya wanawake hayajawahi kutulia namna hiyo. Lile la wazi la taifa, ambalo yeyote anaruhusiwa kujaribu, lilianza mwaka mmoja baada ya vita kuu ya pili, kule Spokane, na mpaka leo lipo. Mengine yamekuja, mengine yamekufa. Kuna miaka yalikuwa mawili tu. Mwaka huu wa tisini na tisa yapo manne, na sitashangaa wajukuu zangu wakikuta matano. Mdhamini akiondoka, taji linaondoka naye. Akija mwingine, shindano lililokuwa dogo jana linaitwa kubwa leo. Sasa jiulize: aliyelishinda jana, lilipokuwa dogo, yeye ni nani?

Huyo ndiye Orpha.

Huko barabarani alipata rafiki, Lavelle Stroud, mtu wa Louisiana. Mrefu, mdomo haufungi. Walipanda gari moja miaka mingi. Lavelle akiendesha, Orpha akishika ramani na kuisoma vibaya. Nilikutana na Lavelle jana msibani, bado mdomo ni ule ule. Aliniambia, "Tidwell alikuwa anajipanga kuupiga mpira mpaka unatamani umletee kiti. Nilikuwa namwambia, mama, piga, wajukuu zetu wanasubiri kuzaliwa."

Basi mwaka wa hamsini na saba, majira ya kuchipua, wakafika Georgia, kwenye shindano la Ashby Creek. Shindano zuri, ila la kawaida. Na wiki hiyo zamu ya kuchimba mashimo ilikuwa ya Orpha. Kila alfajiri akatoka na chombo chake. Siku ya mwisho mvua ikanyesha kidogo, ikaacha, na hesabu ilipopigwa Orpha akawa amemshinda Lavelle kwa mkwaju mmoja. Mmoja tu. Lavelle akamwendea, akampa mkono, akasema, "Umechimba shimo, Tidwell, na umenizika humo humo." Wakacheka mpaka wakashikana.

Ulikuwa utani. Hakuna aliyelalamika. Wote walikuwa wachimbaji.

Miaka michache ikapita. Shindano la Ashby Creek likapata pesa, likapata watu, wanawake wakakubaliana sasa liingie kwenye mataji makubwa. Likabaki swali moja: waliolishinda zamani wahesabiwe, au hesabu ianze na mwaka huo? Wakakutana chumbani kwa mmoja wao, hotelini, wamekaa vitandani na sakafuni, viatu wamevua. Lavelle akasimama, akasema wahesabiwe wote wa nyuma. Yeye aliyeshindwa kwa mkwaju mmoja ndiye aliyesema hivyo. Wakaulizwa wanaokubali. Mikono ikanyooka, mingi. Wakaulizwa wanaokataa. Halafu mkono mmoja ukanyooka, na ulikuwa wa Orpha Tidwell.

"We Tidwell, umelewa?" Lavelle akamuuliza.

"Mwaka ule mashimo niliyachimba mimi," Orpha akasema. "Haipendezi. Mtu hachimbi shimo halafu akajiita bingwa mkubwa."

"Wote tulichimba. Ilikuwa zamu tu."

"Ndiyo. Na ya kwangu ilikuwa wiki ile."

Sasa mle chumbani walikuwamo wasichana wapya, hawajui historia. Wakatazamana. Kama mwenye taji mwenyewe halitaki, wao ni nani wampe? Walionyoosha mikono kukubali wakaishusha, mmoja mmoja. Kura ikarudiwa na pendekezo likaanguka.

Hapa, wasikilizaji wapendwa, lazima niseme jambo ambalo mtu wa Calder Wells analijua, ila yule wa Louisiana hakulijua. Hapa kwetu ukikaribishwa chakula, mara ya kwanza unakataa. Unasema nimeshiba, asante. Mwenye nyumba anakulazimisha. Unakataa tena kidogo, kwa sauti ndogo. Anakuwekea sahani. Hapo ndipo unakula, na unakula kweli kweli, maana ulitoka kwako na njaa. Ndivyo tulivyolelewa. Anayekubali mara ya kwanza tunamwona hana adabu, na anayemwacha mgeni na njaa kwa sababu amekataa mara moja tunamwona mchoyo.

Orpha alikataa mara ya kwanza. Hakuna aliyemlazimisha.

Walipotoka pale wakapanda gari lao, wakaendelea na safari. Lavelle alidhani rafiki yake ana msimamo wa chuma. Akamheshimu kwa hilo. Mwaka mwingine akataka kulirudisha lile jambo mkutanoni, Orpha akamwambia, "Usithubutu." Lavelle hakuthubutu. Ila jioni hiyo, kama Lavelle alivyoniambia, Orpha aliingia bafuni, akafungulia maji, akakaa humo mpaka maji ya moto ya hoteli nzima yakaisha. Lavelle akafikiri ni mgongo unamsumbua.

Orpha hakupata taji lolote la kuhesabiwa. Lile la taifa alilikaribia, akalikosa. Kifundo cha mkono kikaharibika. Akarudi nyumbani, akawa anafundisha watoto pale pale kwenye kiwanja cha baba yake, ambacho sasa kimeota majani. Walipokuja watu wa nyumba ya heshima, wanaotunza majina ya mabingwa wa gofu, kutazama nani aingie, jambo la kwanza waliuliza mataji makubwa mangapi. Wakaenda zao. Watoto nao huuliza, watoto hawana haya. "Mwalimu, una makubwa mangapi?" Yeye anajibu, "Sina hata moja, mwanangu. Shusha bega." Zelma alikuwa akimletea chakula cha mchana, na alilisikia jibu hilo mara nyingi. Anasema kila mara dada yake alikuwa anaangalia pembeni, kama enzi za mafuta ya taa.

Na wiki ya mwisho, kitandani, pumzi inakwenda kwa shida, Orpha akamwambia Zelma maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

"Nilidhani watanibishia."

"Nani, dada?"

"Wale. Chumbani. Nilidhani watasema acha ujinga, Orpha, kaa chini. Ningetulia tu. Ningeweka mikono yangu mapajani, basi."

Zelma akalia. Na dada yake alipofariki, akampigia simu fundi wa mawe ya kaburi, akamwambia aandike: Orpha Tidwell, bingwa wa taji kubwa.

Sasa tufike jana. Tumetoka makaburini na upepo wake, tumeingia ukumbi wa kanisa. Akina mama wamepanga meza. Nyama ya ng'ombe ya moshi, maharage, mkate wa mahindi, viazi vya jibini, pai za njugu za pekani. Watu wamesimama na kofia mikononi, maana hakuna anayekaa kabla ya wafiwa. Na mfiwa hakai. Zelma amesimama karibu na birika la kahawa, anamweleza Lavelle habari ya jiwe.

"Hapana," Lavelle akasema.

"Hapana ipi? Wewe si ndiye uliyesema wahesabiwe?"

"Na leo ningesema tena. Lakini yeye alikataa, Zelma, mbele ya watu. Ukiliandika hilo unamfanya mwongo juu ya kaburi lake mwenyewe."

"Alijuta."

"Nani kakwambia?"

"Yeye. Wiki iliyopita." Zelma akamweleza yote. Kwamba alitaka wambishie. Kwamba alisubiri.

Lavelle Stroud, ambaye mdomo wake haufungi, aliweka kwanza kikombe chake mezani. Sisi wengine tulikuwa tunajifanya tunaangalia pai.

"Aliniambia nisithubutu," akasema mwishowe.

"Alitaka umlazimishe."

"Mimi nilidhani ninamheshimu." Akashika ukingo wa meza. "Nimeendesha naye nusu ya nchi hii, Zelma. Miaka yote ile nilikuwa ninamheshimu."

Zelma akamjazia kikombe. Nimelifikiria hilo usiku kucha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Zelma, kwa watoto wake, kwa ukoo wote wa Tidwell, na kwa Bi Lavelle, ambaye si ndugu wa damu lakini jana amefiwa mara mbili. Mungu awashike. Na nyinyi mnaonisikiliza, kama kuna mtu wenu aliyewahi kusema hapana, sitaki, mpeni mwingine, na mkamwacha hapo kwa kudhani mnamtendea wema, mtafuteni leo akiwa bado anaweza kujibu. Mwulizeni mara ya pili. Akikataa kweli, mtakuwa hamjapoteza kitu.

Namalizia la jiwe, maana mama wa upande wa reli bila shaka anangoja.

Lavelle ndiye aliyesema. "Andika Ashby Creek," akasema. "Andika na mwaka. Andika kwamba alishinda. Kubwa, dogo, hayo tulipigia kura. Kushinda kwake hakukupigiwa kura. Mimi nilikuwepo, mimi ndiye niliyeshindwa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Ni kweli, na Orpha hawezi kuikataa."

Zelma akafikiri. Akatikisa kichwa, kwanza kama anakataa, kisha akakubali. Akavuta kiti. Lavelle akavuta cha pili, akakaa karibu naye, bega kwa bega. Mchungaji akaomba maombi mafupi, chakula kilikuwa kimeshapoa. Viti vikakwaruza sakafu ukumbi mzima, na sote tukaketi, tukala.