Makopo Mapya Mbele

Mle ndani ya basi, mama mwenye kikapu alikuwa amepata wa kumsikiliza, fundi cherehani mmoja wa makamo aliyekaa dirishani, na sisi wa kiti cha nyuma tulisikiliza bure. Mumewe, alisema, ni meneja wa duka la vyakula. Tangu ahamishiwe tawi la mbali, kila jioni hupiga simu kusali na watoto, lakini nyumbani hufika mara moja kwa mwezi.

"Zamani akiingia tu, moja kwa moja kwenye kabati la jikoni. Makopo ya zamani mbele, mapya nyuma, kama dukani. Tulikuwa tunamcheka! Sasa mimi nayapanga kinyume makusudi, ili akija apate cha kurekebisha."

"Dada, wewe nawe una mambo!" fundi alicheka.

"Safari iliyopita alifungua kabati, akachukua chumvi, akalifunga."

Fundi akaacha kucheka. "Labda alikuwa amechoka, mwenzangu."

"Mgeni ndiye anayechukua chumvi tu."

"Basi mwambie kwa mdomo kwamba umemkumbuka. Mwanamume hasomi makopo."

"Huyu anasoma. Ndiyo kazi yake."



"Anakuja lini tena?"

"Leo jioni."

Basi likasimama. Mama akainuka na kikapu chake, na ndani tukaona makopo mawili mapya ya nyanya.

"Na hayo utayaweka wapi?" fundi akamwuliza.

"Mbele kabisa," akasema, akashuka.