Mzee Jilala Kashindye, Fundi Aliyepima Lori Pamoja na Mguu wa Dereva

Dar es Salaam, tarehe 11 Julai 1999. Huu ni mwezi wa tano tangu niondoke Bariadi kuja kupanga marobota ya pamba katika ghala la kampuni huku Kurasini, na mgongo wangu unaijua kila siku ya miezi hiyo. Kwa hiyo sitakuwepo tarehe 31, siku ambayo Mzee Jilala Kashindye atakabidhi funguo za gereji na kustaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Meneja wetu, Mama Felisita, alimtuma dereva Fabian aniambie kwamba wasifu wa Mzee niuandike mimi. Nikauliza kwa nini asiandike mtu wa ofisini, aliyesoma. Fabian akasema, "Wa ofisini hawajawahi kukaa juu ya mzigo wake." Hilo ni kweli. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini juu ya mzigo nilikaa.

Mzee Jilala alizaliwa Mwamanyili, kwa wakulima wa pamba na mpunga. Mwaka 1973 aliajiriwa na chama cha ushirika hapo Bariadi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli. Malori ya enzi hizo yalikuwa mazito na ya polepole, injini zake zikivuta hewa zenyewe kama mtu anavyovuta pumzi. Kipimo cha dizeli kilikuwa ndani ya kitabu cha kiwandani. Unafuata kitabu, unafunga, gari linaondoka. Shida ilikuwa vipuri. Mzee mwenyewe husema miaka ile alikuwa fundi wa kusubiri: anasubiri nozeli, anasubiri tairi, anasubiri hata waya. Alipochoka kusubiri alikata gasketi kwa maboksi ya sabuni, na lori lililofungwa gasketi hiyo lilinukia vizuri mpaka Maswa.

Biashara huria ilipofika, kiwanda cha kuchambua pamba kilinunuliwa na kampuni, na sisi tukanunuliwa pamoja nacho, kama Mzee anavyopenda kutania. Yakaja malori yaliyotumika kutoka Japani, karibu yote yakiwa na tabo. Kwa wasiojua, tabo ni kile chuma chenye umbo la konokono kinachozungushwa na moshi wa eksozi, nacho kinasukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi unaweza kuongeza dizeli, na gari linapata nguvu. Ukimimina dizeli kuliko hewa iliyopo, moshi unakuwa mweusi, eksozi inawaka kama mkaa, na tabo inaungua.

Na nguvu ilitakiwa. Wanunuzi walikuwa wengi, na aliyefika kwanza kijijini ndiye aliyeondoka na pamba. Mwanza kulikuwa na duka lililouza pampu za dizeli zilizokwisha kupimwa. Unanunua, unafunga asubuhi, mchana gari linakimbia. Kampuni nyingi zilizifunga, na sitasema uongo kwa kuwa tunamuaga Mzee: pampu zile zilikuwa nzuri, na kwenye lami hazikusumbua mtu. Lakini kwetu kuna vumbi la mbugani na nyuzi za pamba, na chujio la hewa linaziba kabla wiki haijaisha. Pampu ya dukani haina habari. Inaendelea kumimina dizeli ileile kana kwamba hewa bado ipo.

Mzee alikuwa na njia yake. Hakukubali kupima lori likiwa tupu au likiwa limesimama. Alitaka vitu vitatu kwa pamoja: gari, dereva wake na mzigo wake. Hapo ndipo sisi wapakiaji tulipoingia. Tulijaza pamba mpaka juu, tukapanda juu yake, Mzee akakaa kwenye kabini na bisibisi yake, tukaenda mpaka mlima wa Ngasamo. Lori likipanda, yeye anatoa kichwa dirishani kutazama moshi. Ukiwa mweusi anasimamisha gari na kupunguza dizeli kwenye skrubu ya pampu. Usipoonekana kabisa anaongeza kidogo, maana kwake lori lisilotoa hata uzi wa moshi lilikuwa linanyimwa chakula. Kisha tunarudi chini na kuanza tena. Kuna siku tulishusha nusu ya mzigo na kuupakia tena kwa sababu tu alitaka "kuona kitu."

Siku hiyo nilimwambia wazi, "Baba, si mnunue ya dukani na sisi tupumzike?"

Akanitazama kutoka chini. "Salu, aliyeipima ya dukani hajawahi kukuona wewe juu ya mzigo. Gari likikosa nguvu katikati ya mlima na kurudi nyuma, utarukia upande gani?"

Nikapakia.

Wanaomfahamu watakumbuka mengine. Anaimba besi kanisani, na nyimbo hizohizo anaziimba chini ya gari, ila huko chini hakuna wa kumrekebisha. Hakopeshi spana. Chai yake ikipoa anailaumu sufuria. Na ana heshima kubwa kwa watu, kubwa mno wakati mwingine, kama tulivyokuja kujua.

Tulikuwa na dereva Malimi na dereva Fabian. Malimi akikanyaga mafuta ni kama anaua nge. Fabian, wenzake walisema, anakanyaga kama anaogopa kumwamsha mtoto. Mzee aliliona hilo mapema. Lori la Malimi akalibana dizeli, la Fabian akalifungulia, na wote wawili wakawa wanapanda Ngasamo kwa mwendo mmoja. Kila mmoja alijisifu kwamba lake ndilo limefunguliwa zaidi, na Mzee aliwaacha wajisifu. Kwetu humwambii mtu mzima mbele ya wenzake kwamba mguu wake ni mbaya. Unalirekebisha gari, unamtunzia mwenzako heshima yake. Kwa misimu kadhaa hatukuunguza tabo hata moja, wakati majirani zetu waliofunga za dukani walikuwa wanavuta malori kwa kamba.

Halafu ukaja msimu wa 1998. Mvua zilikuwa zimekata barabara, vituo vya kununulia vikawa vingi na vya mbali mpaka Lingeka, na ofisi ikaamua madereva wapokezane: dereva yeyote, lori lolote. Mzee alisikia, akanyamaza. Alidhani atapata siku chache za kurekebisha malori kimyakimya bila kumwaibisha mtu. Hakuzipata. Asubuhi iliyofuata Malimi alichukua lori la Fabian, na mimi nilikuwa juu ya mzigo.

Tulianza kupanda Ngasamo kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Malimi alikuwa anaimba. Kisha moshi ukatoka mweusi, mzito, ukatufunika mpaka hatukuonana. Tabo ikapiga mluzi mrefu, ikanyamaza, na lori likafa mlimani. Tuliruka na kuweka mawe kwenye tairi. Hakuna aliyeumia. Siku hiyohiyo Fabian, akiwa na lori la Malimi, alishindwa kupanda kule Dutwa. Alibembeleza weee, akaishia kushusha nusu ya pamba kando ya barabara, na alipogeuka akakuta mbuzi wa watu wamelala juu yake.

Mama Felisita akatuita wote kwenye uwanja wa gereji. Hakupandisha sauti. "Baba Jilala, sina ugomvi na kazi yako. Lakini tabo nyingine ikiungua msimu huu, gereji nafunga. Malori yatakwenda Mwanza yakafungwe pampu za dukani. Hizo angalau najua zote ziko sawa, dereva yeyote aendeshe."

Alikuwa na haki. Na sisi tulielewa maana yake. Gereji ilikuwa inalisha watu sita na nyumba zao. Nyanjige, fundi msaidizi, dada aliyejifunza kazi yote mikononi mwa Mzee, alikuwa anasomesha wadogo zake kwa kazi hiyo, na Bariadi nzima hapakuwa na gereji nyingine ambayo ingemkabidhi mwanamke pampu ya dizeli.

Mzee akasimama. "Kosa ni langu," akasema. "Haya malori nimeyapima kwa miguu yenu, kila mmoja na wake. Sikuwaambia."

Malimi akauliza, "Mguu wangu mimi una nini?"

Fabian ndiye aliyejibu, kwa upole wake uleule. "Mzito, kaka. Hata kiatu chako kinajua."

Tulicheka sana. Malimi hakucheka, wala siku ya pili hakucheka.

Sasa, mtu mwingine angeng'ang'ania yake. Mzee aliomba anunuliwe pampu moja ya dukani, akaifunga kwenye lori na kuisikiliza kama mgeni aliyefika na habari. Akasema kuna jambo duka limelijua kuliko yeye: malori yakiwa yanapokezana lazima yafanane. Na kuna jambo duka haliwezi kulijua, nalo ni vumbi letu, mzigo wetu na mlima wetu. Akaamua kutafuta kipimo kimoja kwa malori yote, lakini kipimo cha hapa. Kwa kazi hiyo alihitaji mtu mmoja tu.

Alikwenda asubuhi nyumbani kwa Malimi. Alisimama uani akaamkia, "Mwangaluka," akakaribishwa kigoda lakini si kwa furaha.

"Nimekuja kuomba mguu wako," Mzee akasema.

"Juzi ulikuwa mbaya."

"Leo ndio ninaouhitaji. Gari litakalouvumilia wewe ukiliendesha, halitaungulia mikononi mwa mtu yeyote."

Malimi mwenyewe ndiye aliyetusimulia haya, na kila akisimulia mguu unazidi kuwa na sifa. Basi malori yote yalipimwa na Malimi akiendesha, chujio likiwa limeziba kwa makusudi, mzigo ukiwa umejaa. Nani alipakia mnajua. Nyanjige ndiye aliyeshika bisibisi kwa mengi kati ya hayo, Mzee akitazama moshi na kumwambia kidogo tu, hapo, acha. Yalitoka malori yasiyo na mbio za kujisifia, lakini yalipanda Ngasamo yakiwa yamejaa, na eksozi haikuwaka. Kwa mara ya kwanza kipimo kilijulikana na kila mtu. Kiliitwa "cha Malimi," na mwenye jina alikwisha kusamehe. Fabian alilalamika kwamba gari limekuwa zito. Malimi akawa anakaa pembeni yake kumfundisha: "Kanyaga, ndugu yangu. Huyo mtoto ameshaamka."

Msimu uliobaki tuliishi kwa masikio. Lori likichelewa, gereji nzima ilitoka kusimama barabarani, na Mama Felisita naye alitoka ofisini akijifanya anatafuta hewa. Siku ya mzigo wa mwisho, lori lililotoka Lingeka halikuonekana kwa muda wake. Dereva alikuwa Malimi. Mzee hakuimba siku hiyo. Lilifika alasiri likiwa limefunikwa vumbi, Malimi akateremka na kusema ni pancha tu, tairi mbili, na kwamba ana njaa. Nyanjige alifungua kifuniko cha injini, akasogeza kiganja karibu na tabo, akasikiliza injini ikiunguruma taratibu.

"Moto wa kawaida," akasema.

Mama Felisita akamtazama Mzee, akatazama malori yote yaliyopangwa uwanjani. "Basi kesho fungueni kama kawaida," akasema, akarudi ofisini kwake. Mzee alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, kwenye tairi kuukuu, akaomba chai. Alipoletewa ilikuwa imepoa, akainywa bila neno.

Mwezi Februari, kabla sijapangiwa huku, kampuni ilileta lori jingine. Mama Felisita hakuuliza habari za duka. Alisema lipelekwe kwa Nyanjige. Tulipakia, Malimi akashika usukani, Nyanjige akaingia kwenye kabini na bisibisi, na sisi tukapanda juu. Nikaona mkono wa mtu unashika kamba kando yangu. Alikuwa Mzee Jilala, anapanda kwenye mzigo pamoja nasi wapakiaji. Nikamwambia, "Baba, nafasi yako iko mbele." Akasema mbele kuna fundi. Tulipanda Ngasamo hadi juu, na njia nzima hakutazama moshi hata mara moja. Alikuwa anatazama mashamba.

Huyo ndiye mnayemuaga tarehe 31. Sisi wafanyakazi wenzako, Baba Jilala, tunakushukuru kwa malori yaliyopanda, kwa watu walioshuka salama, na kwa siku ile uliyosimama mbele yetu wote ukasema kosa ni lako. Bila siku ile leo tungekuwa tumetawanyika. Tunasikia Mwamanyili unakusubiri mpunga na kiinjini kidogo cha kuvuta maji ambacho hakina tabo. Usikifungulie sana. Upate usingizi, upate mavuno, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na chai yako iwe ya moto siku zote.

Mimi bado nina marobota ya kupanga humu ghalani mpaka meli ije. Natarajia kurudi Bariadi wiki ya mwisho ya Agosti, kwenye gereji ambayo iko wazi.

Salu Maganga, mpakiaji