Papa Vagheni na Ukungu Wake

Tarehe 30 Juni 2003, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bwana Salomon Vagheni anastaafu katika Kituo chetu cha Picha na Sauti hapa Butembo. Aliingia akiwa mwendesha projekta, anatoka akiwa mwongozaji wa sinema. Zote alizoongoza ni sinema za miujiza, na hakuna hata moja ambayo sisi wafanyakazi wenzake tunaweza kueleza inahusu nini.

Msomaji asidhani huu ni utani. Mimi Élisée, ninayeandika wasifu huu, ndiye niliyeandika hadithi za sinema hizo. Kila mara nilimpa Papa Vagheni hadithi yenye kichwa na miguu. Kila mara aliisoma yote, akanishukuru kwa adabu, kisha akauliza moshi uko ukurasa gani. Kama haukuwepo, aliuongeza. Kama ulikuwepo, aliondoa kurasa nyingine.

Moshi wenyewe ulitoka kwenye majani mabichi ya mikaratusi. Mbingu zake zilikuwa maturubai ya buluu, na mabawa ya malaika yalishonwa na mke wake, Mama Kavugho, kwa vyandarua. Lakini haki yake tumpe: picha zilikuwa nzuri mno. Katika "Bibi-arusi wa Ukungu" kuna mahali ambapo wanawake wanapanda kutoka bondeni, weupe, polepole, jua likiwa nyuma yao. Nilikuwepo siku ile, nilikohoa kuliko wote, na bado nikiiona sehemu hiyo ninasogeza kiti mbele.

Vita vilipoanza tulidhani atabadilika. Hakubadilika. Kamanda mmoja, ambaye jina lake halina faida tena kwa mtu yeyote, aliagiza sinema ya gwaride lake. Papa Vagheni alimpa buti, vumbi na bendera mbele ya jua. Kamanda mwenyewe haonekani popote. Alifurahi sana, akaomba nakala ya pili.

Huko Beni sinema zetu zilionyeshwa na Hadji Lukumani, mwenye malori na ukumbi wa video. Ni mtu anayependa kujua mzigo umebeba nini. Baada ya kuitazama "Bibi-arusi wa Ukungu" alimwambia Papa Vagheni mbele yetu, "Picha iko muzuri kabisa. Mais habari yenyewe iko wapi?" Papa Vagheni akajibu kwa upole, "Iko mu moshi, Hadji. Angalia muzuri." Lukumani akaitazama tena tangu mwanzo. Hakuiona, ila aliendelea kuionyesha kwa sababu ukumbi ulikuwa unajaa. Nafikiri watu walikuja kupumzisha macho. Miaka ile walikuwa wameona vya kutosha vilivyo wazi.

Sinema hiyo tuliipiga Eringeti, mwaka 2001, wakati barabara ilipopitika kidogo. Wanawake wa ukungu walikuwa wakulima wa palepale. Papa Vagheni aliwapaka unga wa muhogo uso mzima, akawazungushia makaa kwenye macho, akawavika manyoya ya kuku kichwani. Mmoja wao aliitwa Mama Jemima. Alikuwa mjane, tena mcheshi, na alikubali kwa sababu jirani zake walikuwa wamekubali.

Mwisho wa mwaka uliofuata, Eringeti yote ilikimbia vita. Mama Jemima alifika Beni kwa miguu pamoja na binti yake Florentine, akaugua malaria, akafariki katika nyumba ya watu. Nyumba yao kule nyuma iliungua na kila kilichokuwa ndani. Kwetu matanga bila picha ya marehemu mezani ni taabu kubwa, watu hawajui walilie upande gani. Florentine alikuwa na mama wa kuzikwa, lakini hakuwa na sura yake ya kuweka mezani. Kaka yake Delphin alikuwa ametoka kuchimba dhahabu Manguredjipa, ambako vita vilimfungia njia kwa miaka. Alituambia waziwazi, "Sura ya mama inaanza kunipotea."

Basi walikuja Butembo, wote wawili, kuitazama sinema. Papa Vagheni aliwawekea viti vizuri. Waliitazama yote, pamoja na sehemu ile ya bondeni. Ilipokwisha, Florentine aligeuka akauliza, "Sasa mama ni nani mule?"

Wanawake wote walikuwa unga mtupu. Papa Vagheni alirudisha mkanda, akausimamisha, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo cha televisheni. Kisha akasema ukweli, na ninamheshimu kwa hilo: yeye pia hakujua. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi. Nilikuwa nimemsubiri kwa miaka mingi afike mahali hapo, nimwambie neno langu juu ya hadithi na moshi. Nilipomkuta amekaa vile, sikuwa na hamu nalo.

Kilichobaki ni mkanda mmoja. Kaseti zilikuwa adimu, kwa hiyo sehemu zisizotumika alizifuta kwa kurekodi juu yake. Ile tuliyorekodi siku mvua ilipotukatiza kazi ilipona kwa sababu ilikuwa imelowa na kukwama, haikufaa kwa lolote, ikawekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Papa Vagheni aliifungua kwa bisibisi, akaanika mkanda, akauhamishia kwenye kasha jingine. Mimi nilishika taa.

Mvua inanyesha Eringeti. Wanawake wanakimbilia barazani, unga umekuwa uji nyusoni. Mmoja anavua manyoya, anajifuta kwa kitenge, na uso unatokea: mapengo, kovu dogo kidevuni, macho ya kuchokoza. Anaitazama kamera na kusema, "Papa, unga yote hii munapaka ku sura? Batoto batakula nini mangaribi?" Nyuma ya kamera sauti ya Papa Vagheni inajibu, "Mama, hapana sema. Unaharibisha picha." Mkanda unaishia hapo.

Delphin aliomba irudiwe, ikarudiwa mpaka akatosheka. Florentine alishika kioo cha televisheni kwa mkono.

Kwa matanga, huko Beni, Lukumani alileta televisheni na jenereta bila kuombwa na mtu. Kabla ya hapo Papa Vagheni angeweza kuiondoa sauti yake mwenyewe kwenye mkanda, ni kazi ndogo tu kwa fundi kama yeye. Alimuuliza Florentine. Akajibu, "Ile sauti ni yako, papa. Fanya vile unaona." Hakuiondoa. Baada ya sala, mbele ya wote wa Eringeti waliokuwa wamebaki, Mama Jemima aliuliza habari ya unga, na Papa Vagheni akamwambia anyamaze. Watu walicheka, kisha wakalia. Yeye alikuwa amekaa mstari wa mbele, kofia mikononi, akisikiliza.

Baada ya hapo alitengeneza sinema nyingine, yenye moshi kuliko zote. Ila kabla ya unga, kila mtu anakaa kwenye benchi, uso mtupu, anataja jina lake na kwao, anasema anachotaka. Papa Vagheni hafungui mdomo. Kaseti hizo ziko kabatini na hakuna ruhusa ya kurekodi juu yake. Wapo waliokwisha kuja kuziomba, kutoka Mabalako na kutoka Eringeti, na hawakuondoka mikono mitupu.

Papa Vagheni, tunakushukuru kwa yote, pamoja na kikohozi. Wewe na Mama Kavugho tunawaombea afya na miaka mirefu ya raha nyumbani. Jana tulikuomba ukae na wewe kwenye benchi lile, ukakataa, ukasema huna la kusema. Siku ukiwa nalo, njoo. Kamera tutaiwasha, na hakuna atakayekunyamazisha.